Chupa kubwa ya waini: unachonunua hasa ni muda

Watu wengi wakiona chupa ya waini yenye ujazo mara mbili au mara nne ya ile ya kawaida wanawaza sherehe tu, picha zipigwe, watu washangilie, imeisha hiyo. Sawa, sherehe ipo, ila ukiishia hapo unakosa sababu kubwa inayofanya watu wanaotunza waini miaka na miaka wazitafute hizi chupa kwa udi na uvumba. Sababu yenyewe ni kwamba waini ikiwa kwenye chupa kubwa inazeeka polepole. Haigeuki kutoka mbovu kuwa nzuri, haipati ladha ambayo isingeipata kwenye chupa ya kawaida, inacheleweshwa tu, na huko kuchelewa kutakuwa na faida kama umeitunza inavyotakiwa. Hapa ndipo wengi wanapoangukia, mtu anatoa hela ndefu ananunua chupa ya lita 3 halafu anaisimamisha sebuleni juu ya kabati miaka mitano, jua la mchana linaigonga, joto linapanda linashuka, kizibo kinakauka, siku ya kuifungua anakuta kitu kimechoka hakina hata harufu halafu anasema aliibiwa. Hajaibiwa, waini imefia mikononi mwake.

Tuanze na majina maana yanachanganya hata baadhi ya wauzaji. Chupa ya kawaida ni mililita 750. Magnum ni lita 1.5, yaani chupa mbili, na hapo dunia nzima inakubaliana. Ukipanda juu ya hapo kila mkoa wa Ufaransa una mambo yake. Champagne na Burgundy wakisema Jeroboam wanamaanisha lita 3, lakini Bordeaux hiyo ya lita 3 wanaiita double magnum, na Jeroboam yao kwa jadi ni lita 4.5, siku hizi utaikuta mpaka ya lita 5. Hiyo 4.5 ukienda Champagne inaitwa Rehoboam. Lita 6 Bordeaux ni Impériale, Champagne ni Methuselah. Halafu yanafuata madude yenyewe, Salmanazar lita 9, Balthazar lita 12, Nebuchadnezzar lita 15, Melchior lita 18, karibu yote majina ya kwenye Biblia. Ushauri wangu ni mmoja tu, usinunue kwa jina, uliza lita. Mtu akikutajia bei ya Jeroboam na wewe hujui kama ni lita 3 au 4.5, hapo tofauti ni chupa mbili nzima za kawaida.

Sasa kwa nini inazeeka polepole? Jibu liko shingoni. Kizibo cha asili cha chupa ya kawaida kina upana wa kama milimita 24 na kinabanwa mpaka kiingie kwenye shingo ya kama milimita 18.5, kwa hiyo kinakaza kweli kweli, lakini bado oksijeni kidogo sana inapata njia miaka inavyokwenda, na kuna ile hewa nyingine iliyobaki kati ya kizibo na waini tangu siku ya kujaza. Oksijeni hiyo kwa vipimo vidogo vidogo inashiriki sana katika kuikomaza waini, tanini zinazokwaruza ulimi zinalainika, wekundu mkali unaanza kuelekea rangi ya tofali, harufu ya matunda mabichi inahamia kwenye matunda makavu, ngozi, uyoga, udongo wenye maji. Ikizidi ndiyo inaiua. Chukua magnum sasa, shingo yake haipishani sana na ya chupa ya kawaida, nafasi ya hewa pale juu karibu ni ile ile, lakini chini yake kuna waini mara mbili. Maana yake kila mililita inapata karibu nusu ya oksijeni ambayo ingepata kwenye chupa ya 750. Chupa ndogo ya 375 ni kinyume chake, hewa ile ile inashambulia waini nusu, ndiyo maana zile zinawahi kuiva na zinawahi kuchoka.

Hapa watu wanaruka haraka wanasema basi magnum inadumu mara mbili. Hapana, haiendi kwa hesabu hiyo. Kuzeeka kwa waini kunategemea mambo mengi, asidi iliyomo, tanini, sukari, ubora wa kizibo, joto la mahali ilipolala, oksijeni ni sehemu mojawapo tu ingawa ni kubwa. Unachoweza kukitegemea ni mwelekeo. Kama waini fulani nyekundu ya Bordeaux au Barolo ya Italia kwenye chupa ya kawaida imefika pazuri ikiwa na miaka 12, magnum ya mwaka ule ule inaweza ikawa bado imejifunga, harufu na ladha zimejificha, bado tanini zinauma, na wewe umewaalika watu kuja kuifurahia. Nimeona hili likiwavunja watu moyo mara nyingi, wamesoma kwamba mwaka fulani sasa unanyweka, wanafungua magnum wanakuta ngumu, wanadhani waini ina kasoro wakati haijafika tu. Ukiwa na chupa za kawaida na magnum za waini moja, anza na zile za kawaida. Zikianza kuwa tamu kweli, hapo hesabu miaka kadhaa mbele ndiyo uguse magnum.

Sababu ya pili ni joto. Joto linaharakisha kila kinachotokea ndani ya chupa, na kibaya zaidi ni joto la kupanda na kushuka, maana waini inatanuka na kusinyaa, inasukuma kizibo, hewa inaingia. Chupa kubwa ina kimiminika kingi kwa hiyo inachelewa kupokea mabadiliko, vile sufuria lililojaa maji ya moto linavyochelewa kupoa kuliko kikombe. Kioo chake pia kwa kawaida ni kinene zaidi. Ila naomba hili lieleweke vizuri, kuchelewa siyo kukingwa. Ukiiacha kwenye chumba chenye nyuzi 28 wiki kadhaa itafika tu nyuzi 28, na kitakachoharibika ni kingi zaidi.

Basi mtu atauliza, kama ukubwa ni mzuri hivyo si tununue tu lita 15? Mimi hapo nasema hapana, na watunzaji wengi watakwambia hivyo hivyo. Magnum ndiyo saizi tamu. Bado unaishika kwa mikono miwili bila shida, watu sita mpaka wanane wanaimaliza vizuri na chakula, na faida ya kuzeeka polepole unaipata yote. Lita 3 nayo bado inaelewana na binadamu. Kuanzia lita 6 kwenda juu mambo yanabadilika, chupa nyingi za hivyo zinajazwa na kuzibwa kwa mkono, vizibo vyake ni vipana na siyo rahisi kupata kipande kikubwa cha gome la mti wa vizibo ambacho kiko sawasawa kila upande, ndiyo maana nyingine wanazimwagia nta juu ili kusaidia kuziba. Kwa hiyo ile hesabu ya oksijeni niliyoieleza pale juu, ambayo inategemea shingo nyembamba na kizibo cha kawaida, inaanza kulegea kadiri chupa inavyokuwa kubwa.

Kwenye shampeni kuna jambo jingine la kujua kabisa. Mapovu ya shampeni yanatokana na uchachu wa pili (hamira kugeuza sukari kuwa pombe na gesi) unaofanyika ndani ya chupa, na kanuni za Champagne zinataka chupa kuanzia nusu (375) mpaka Jeroboam ya lita 3 uchachu huo ufanyike kwenye chupa ile ile itakayouzwa. Zaidi ya hapo wanaruhusiwa kuchukua shampeni iliyokwisha kukamilika kwenye chupa nyingine na kuihamishia kwenye chupa kubwa kwa presha. Sasa kuhamisha maana yake waini imepata misukosuko, imekutana na hewa kidogo, na haikulala juu ya hamira zake ndani ya lile lichupa unaloliona. Kwa sherehe haina neno, ila kama unataka shampeni ya kulaza miaka, chukua magnum. Wazalishaji wengi wenyewe wakiulizwa saizi gani inatoa shampeni yao vizuri zaidi wanataja magnum.

Kutunza sasa. Kanuni ni zile zile za chupa ya kawaida, nyuzi 12 mpaka 14, giza, utulivu bila mtikisiko, unyevunyevu wa hewa kama asilimia 60 hadi 70, na chupa ilale ili waini iguse kizibo kisikauke. Kama huwezi kupata nyuzi 13 kamili usikate tamaa, nyuzi 16 zisizobadilika ni afadhali mara kumi kuliko sehemu inayocheza kati ya 10 na 22. Unyevu ukizidi lebo zinaota ukungu, waini yenyewe haidhuriki, lakini kama unategemea kuja kuuza hapo lebo ni pesa. Friji la jikoni linafaa kwa siku chache tu, ni baridi mno kwa kukomaza, hewa yake ni kavu, na mashine inatetemeka.

Shida inayowakuta watu wengi ni nafasi, na hii hawaifikirii mpaka chupa imeshafika nyumbani. Rafu nyingi na friji nyingi za waini zimepimwa kwa chupa ya 750 aina ya Bordeaux yenye upana wa kama sentimita 7.5. Magnum inakaribia sentimita 10 au inapita, na ya shampeni ni nene zaidi kwa sababu ya presha, haingii kwenye tundu, na ukiilazimisha utakwaruza lebo au utapinda rafu. Pima kabla ya kununua, upana na urefu vyote viwili, na kumbuka kubakiza nafasi ya mkono wako kuingia kuitoa. Kwenye friji ya waini mara nyingi dawa ni kutoa rafu moja au mbili na kulaza chupa kubwa chini kabisa ambapo panabeba uzito. Kwa lita 3 na zaidi, nyingi zinakuja kwenye sanduku lake la mbao, moja moja, basi iache humo humo, ilaze sanduku chini sehemu iliyonyooka, lebo ikiangalia juu, na uandike kwa nje ni nini kilichomo na mwaka wa mavuno ili usiwe unaifungua kila mara kukagua. Na usiweke juu ya sanduku kitu kingine kizito. Ukiibeba shika kitako, mkono mmoja chini na mwingine shingoni, usiinue kwa shingo peke yake, maana waini pekee kwenye lita 6 ni kama kilo 6, bado kioo.

Mara mbili tatu kwa mwaka ipitie kwa tochi. Angalia usawa wa waini shingoni, angalia kama kuna michirizi inayonata chini ya kifuniko cha foili, angalia kama kizibo kimeinuka kikawa juu ya mdomo wa chupa. Kizibo kilichoinuka mara nyingi kinakwambia chupa ilipata joto. Ukiona inavuja usisubiri tarehe maalumu, tafuta wenzako muinywe mapema.

Ununuzi nao una yake. Chupa kubwa kwa kawaida ni ghali kuliko kuzidisha bei ya 750, kioo chake ni cha gharama, kazi ya mikono ni nyingi, na zinatengenezwa chache, kwingine unatakiwa uagize kabla waini haijatiwa kwenye chupa. Kwenye minada bei zinapaa kabisa. Mwaka 2007 Jeroboam ya Château Mouton Rothschild (shamba la waini la Bordeaux) ya 1945 iliuzwa Sotheby's kwa dola 310,700, na mwaka 2010 Impériale ya Cheval Blanc (nalo la Bordeaux) ya 1947 ikauzwa Christie's mjini Geneva kwa dola 304,375. Penye pesa hivyo matapeli hawakosi. Rudy Kurniawan, aliyekuwa akichanganya waini nyumbani kwake California na kuzibandika lebo za waini za kale, alikutwa na hatia mahakamani New York Desemba 2013 na mwaka uliofuata akafungwa miaka 10. Kwa hiyo chupa kubwa ya zamani sana isiyo na historia, haijulikani imekaa wapi wala nani aliinunua mwanzo, iogope. Hata kama ni halisi bado hujui ililala kwenye joto gani. Mimi ningechagua magnum changa kutoka kwa muuzaji anayeaminika niizeeshe mwenyewe kuliko kununua ya miaka 40 yenye hadithi nzuri isiyo na karatasi.

Na siyo kila magnum ni ya kulaza. Rosé (waini ya pinki), waini nyeupe nyepesi, nyekundu za bei ya chini za kunywa zikiwa changa, hizo zikiwekwa kwenye chupa kubwa ni kwa ajili ya kundi la watu tu, zinywe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kinachofaa kulala ni waini ambayo hata kwenye 750 ingeweza kukaa miaka 10, Bordeaux nzuri, Barolo, nyekundu za kaskazini mwa Rhône kule Ufaransa, nyeupe za Riesling, shampeni za mwaka mmoja wa mavuno.

Tuje kwenye kunywa. Anza na idadi ya watu, kwa glasi ya mililita 150 magnum inatoa glasi 10, lita 3 glasi 20, lita 6 glasi 40, na lita 15 glasi 100. Ukifungua umefungua. Kama ni nyekundu ya miaka mingi isimamishe wima siku mbili tatu kabla, mashapo yana safari ndefu ya kushuka kwenye chupa pana. Na kama imetoka kusafirishwa, iache ipumzike wiki kadhaa kwanza.

Kupoza ndiko watu wanakokosea zaidi. Chupa ya kawaida kwenye maji ya barafu inapoa kwa nusu saa hivi, magnum inataka kama saa nzima, lita 3 saa mbili au zaidi, na lazima yawe maji na barafu, siyo barafu tupu, kwa sababu maji yanagusa kioo kila upande. Ndoo ya kawaida haitoshi, shingo na mabega yanabaki nje na glasi za kwanza zinatoka vuguvugu, kwa hiyo tafuta beseni refu, au iweke kwenye friji tangu jana yake. Kwa shampeni hili ni suala la usalama pia, ndani kuna presha ya kama mara 5 hadi 6 ya ile ya hewa ya kawaida, na chupa yenye joto inarusha kizibo kwa nguvu ya kutoboa jicho. Fungua waya huku kidole gumba kikiwa juu ya kizibo, inamisha chupa pembeni mbali na watu, shika kizibo kisizunguke halafu zungusha chupa taratibu, kitoke kwa mlio mdogo. Lita 3 na kuendelea mwenzako aishike kitako, usijifanye shujaa.

Kwa nyekundu ya zamani kazi ni ya subira. Kata foili chini ya ukingo, futa mdomo wa chupa kwa kitambaa chenye maji maana kunakuwa na ukungu na uchafu. Kizibo cha magnum mara nyingi ni kirefu, na kikiwa na miaka 25 kinakuwa laini kama udongo katikati, kizibuo cha kawaida chenye skrubu fupi kinatoboa nusu halafu kinang'oka na kipande cha juu. Tumia chenye skrubu ndefu, au kile chenye vyuma viwili bapa vinavyopenya pembeni kati ya kizibo na kioo, unavitikisa huku na huku mpaka vizame, kisha unazungusha na kuvuta kwa pamoja, taratibu. Kikikatika usihangaike sana, chuja. Yenye nta usiigonge kwa kisu, kwangua ya juu kidogo na upitishe skrubu katikati.

Kumimina moja kwa moja kutoka chupa ya lita 6 mezani kunapendeza ila kila ukiinua na kushusha unavuruga mashapo, glasi za mwisho zinakuwa tope. Mimina yote kwa mkupuo mmoja kwenye majagi, mwanga wa tochi ukiwa nyuma ya shingo, na uache pale unapoona wingu jeusi linakaribia. Magnum inataka majagi mawili ya kawaida. Ukitaka chupa yenyewe ionekane mezani isuuze kwa maji safi, iache ichuruzike, rudisha waini ndani. Onja wewe kwanza kabla hujamhudumia yeyote, kizibo kikiwa kimeambukiza waini ile harufu ya kadibodi lililolowa, ni lita zote zimekwenda, na inafaa uwe na chupa nyingine karibu.

Na kama mapema tu unajua hamtaimaliza, usisubiri mwisho wa usiku. Dakika ile ile ya kufungua, ikiwa haina mapovu, jaza chupa safi za 375 mpaka juu kabisa pasibaki hewa, ziba, weka kwenye friji, na siku tatu nne baadaye bado utakuwa na waini ya kufurahia. Ile iliyokaa nusu chupa mezani kwa muda wa saa tano, ikipigwa na hewa ya lita nzima iliyo wazi juu yake, hiyo iwe ya kupikia.